Waliomsindikiza Mgeni wa Rubiela

Doña Rubiela Giraldo hakuwa mtu wa kukaa. Hata misa ya Jumapili aliisikiliza amesimama karibu na mlango, na padri wetu alikwisha kata tamaa ya kumwita viti vya mbele. Jikoni kwake mlikuwa na viti sita, na hakuna aliyepata kumwona juu ya hata kimoja. Kahawa aliinywa akitembea, maharage aliyachagua akiwa wima, na kizingiti cha nyumba yake alikifagia mara tano kwa siku, vumbi liwepo lisiwepo. Mtaani tulimwita Siafu. Alilijua jina hilo na halikumkera. Aliwahi kumjibu Don Libardo kinyozi kwamba afadhali siafu kuliko kupe, na Don Libardo, ambaye hukalia kiti chake mwenyewe cha kunyolea tangu asubuhi mpaka jioni akingoja vichwa, alinyamaza siku nzima.

Kwa hiyo siku binti yake Yaneth alipopiga simu kutoka Uholanzi akasema, "Mama, kaa chini kwanza," Rubiela alishika ufagio.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Yaneth ana mtoto wa kike, Marit, wa miaka sita, na bibi yake wa huku hajapata kumgusa hata unywele. Kila mwaka huahidiwa kwamba mtoto ataletwa Desemba, na kila mwaka, Desemba ikikaribia, mumewe Yaneth, Wouter, husoma jambo fulani kuhusu Kolombia kwenye gazeti la kwao, akaghairi. Si mtu mbaya. Ni mwoga, na mwoga mwenye mtoto hashawishiki kwa maneno. Safari hii walikuwa wamefikia mapatano. Mama yake Wouter, Bibi Geertje, mjane wa miaka sabini na mbili aliyekuwa muuguzi wa kuzunguka majumbani, angetangulia yeye. Angekaa San Evaristo siku tano, peke yake, ajionee. Akirudi na kusema kuko salama, mtoto angeletwa. Akisema hakuko, basi.

"Basi vipi?" Rubiela aliuliza.

"Basi mpaka awe mtu mzima, mama, ajiamulie mwenyewe. Wouter ameapa, na mimi nimechoka kugombana."

Rubiela alikuwa na miaka sitini na tisa, na mapafu yake, kwa moshi wa kuni wa miaka yote hiyo, hayakuwa mapafu ya kuahidiwa mambo ya mbali. Alimuuliza binti yake kama huyo bibi anakula maharage. Akaambiwa anakula kila kitu, na kwamba amejifunza Kihispania miaka mitatu ili Yaneth mwenyewe asipate lugha ya kumsengenya. Rubiela akasema huyo ni mwanamke wa maana, akakata simu, akaweka ngazi ukutani akaanza kufagia paa.

Wiki mbili zilizofuata hakutupa nafasi ya kupumua. Alipaka milango na madirisha rangi ya buluu, akaichukia ile buluu, akaipaka upya. Alibadilisha godoro na jirani, godoro lake na kuku wawili kwa godoro la jirani. Alimwomba muuza nyama asitundike kichwa cha nguruwe nje juma lile, naye akakubali, maana kumkatalia Rubiela ni kumkaribisha arudi kesho. Usingizi ulimpaa. Alfajiri walimkuta uwanjani mbele ya kanisa akiokota maganda ya machungwa.

Mwisho aliita watu watatu jikoni kwake: Don Libardo, Efrén, dereva wa jipu linalopandisha abiria kutoka barabara kuu, na Ofelia, wifi yake, mjane wa mdogo wake Nevardo. Aliwamiminia kahawa akawaambia waziwazi kwamba mgeni huyu asipatwe na lolote. Asiibiwe, asianguke, asipotee, asizomewe na mlevi. Akikwaruzwa na paka, mjukuu ndiyo hamuoni tena.

"Basi tumsindikize," alisema Don Libardo.

Hapo wote walielewa, na wasio wa San Evaristo wasingeelewa. Miaka ile mibaya, watu wenye bunduki walipokuwa wakipanda kutoka bondeni, leo kundi hili na kesho kundi lile, kila moja likidai sisi ni wa lile jingine, hakuna mtu wa mji huu aliyekanyaga barabara bila kutazamwa na wenzake. Ukitoka kwako, jirani alisimama kizingitini na ufagio akakufikisha kwa macho mpaka kwa kinyozi. Kinyozi alikupokea akakukabidhi kwa duka la dawa, na duka la dawa likakukabidhi kwa kanisa. Pasipokuwa na nyumba, mtu alitembea nyuma yako hatua ishirini, mikono mfukoni, kama mwenye safari zake. Filimbi fupi ya mdomo maana yake umefika. Filimbi isiposikika, kengele ya kanisa ilipigwa. Iligongwa mara mbili, na mara zote mbili wanawake walitoka na sufuria mikononi wakasimama mbele ya lori la wenye bunduki, wasiondoke, mpaka mtu wetu aliyekamatwa akashushwa. Jambo hilo tuliliita kusindikiza. Hatukufundishwa na mtu. Aliyesindikizwa alijua kwamba anasindikizwa, na hata mvuani alitembea hana wasiwasi.

Mara moja tu mnyororo ulikatika, na aliyepotea alikuwa Nevardo. Imepita miaka ishirini na mitatu, mwili haukuonekana, na mbele ya Rubiela jina hilo halitajwi.

Kwa hiyo kusindikiza kulikubaliwa bila mabishano. Ofelia peke yake alisema kwamba ni vizuri mgeni aambiwe. Rubiela alikuwa akizunguka meza na birika mkononi.

"Nikimwambia tunamlinda, ataniuliza tunamlinda na nini. Nimjibu nini, wifi? Nimfungulie kaburi mezani?"

Akaweka sharti. Vita isitajwe, wafu wasitajwe, na mtu yeyote akiulizwa, hajui. Don Libardo aliinua mkono akaapa kwa Bikira wa Karmeli. Efrén akaapa pia, akatia andazi la jibini mfukoni.

Bibi Geertje alifika Jumanne na jipu la Efrén, amekaa mbele, mrefu hata magoti yakawa karibu na kidevu. Viatu vyake vilikuwa vikubwa kuliko vya Efrén. Watoto wa mtaa, ambao hawakuweza kulitamka jina lake, walimwita Doña Gerta kabla hajashusha begi, naye akaitika. Alikula mikate mitatu ya mahindi na jibini, akala maharage na parachichi, akaomba tena kahawa, akasimama barazani akatazama milima ilivyopangana mpaka kwenye mawingu. "Kuzuri sana," alisema. "Mwanangu ni mpumbavu." Rubiela alikwenda uani akacheka peke yake huku ameziba mdomo kwa aproni.

Jioni ile mgeni alimpa Rubiela kisanduku cha kiberiti. Ndani mlikuwa na jino dogo, limefungwa kwa karatasi laini. Marit aling'oka jino lile wiki iliyopita, akamtuma bibi yake wa Uholanzi alipeleke kwa bibi yake wa Kolombia. Rubiela aliliweka kwenye kiganja. Aliona jinsi jambo analolitaka lilivyo dogo, na jinsi lilivyo rahisi kudondoka.

Jumatano Geertje alitoka kwenda kutembea. Rubiela alisimama kizingitini na ufagio akamfikisha mpaka kona, na kwa kinyozi Don Libardo akampokea. Ubaya ni kwamba mwanamke yule, kwa miaka yake yote, alikuwa na mwendo wa farasi aliyenusa zizi, na Don Libardo ana kilo mia na magoti mabovu. Mgeni aliposimama kupiga picha ya maua, Don Libardo aliinama kufunga kamba za viatu, naye amevaa mabuti ya mpira. Aliposimama tena kwenye daraja, Don Libardo aliinama tena. Sokoni Ofelia akapokea, amevaa nguo yake nyeusi ya kila siku, rozari mkononi, akisimama mgeni anaposimama na kwenda anapokwenda. Filimbi zililia kutoka mlango hadi mlango. Sisi tuliona kazi imefanyika vizuri mno. Jioni Rubiela alimuuliza mgeni ameuonaje mji, naye akajibu kwamba ni mzuri, kisha akauliza kama watu wa hapa wana desturi ya kupiga filimbi. Rubiela akasema ni ndege.

Alhamisi alikwenda makaburini, na Don Libardo nyuma. Mgeni alirudi mapema. Chakula hakumaliza.

Ijumaa aliamua kupanda mpaka kwenye maporomoko ya maji, saa moja na nusu kwa miguu, na huko hakuna nyumba. Rubiela alijaribu kumtisha kwa mafua, mvua na nyoka. Mgeni aliaga kwa adabu akaenda. Efrén aliacha jipu lake akamfuata. Alichukua panga, kama mwanamume yeyote wa huku anayekwenda porini, na hakufikiria mara mbili, maana kwetu mtu asiye na panga kwenye njia ile ndiye wa kutiliwa shaka.

Geertje alirudi kabla ya saa sita, matope mpaka magotini, uso umekuwa mweupe kama unga. Alisimama jikoni bila kuvua mabuti. Rubiela alimkimbilia na maji ya moto ya sukari guru yenye ndimu. Mgeni hakuyapokea.

"Yule dereva wa jipu yuko wapi leo?" aliuliza, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Rubiela alikuwa ameapisha watu. Alijibu harakaharaka kwamba Efrén ameshuka Medellín tangu alfajiri na hatarudi mpaka kesho. Geertje akatoa simu akamwonyesha picha. Efrén alikuwa nusu nyuma ya mti, kofia imeshuka, panga mkononi, macho yametazama juu njiani. Saa iliandikwa pembeni: saa nne na dakika kumi.

"Huyo amefanana naye tu," alisema Rubiela.

Mgeni alirudisha simu mfukoni. Kisha akaingia chumbani, akageuza ufunguo, na Rubiela akasikia kiti kikiburutwa kikaegemezwa mlangoni. Alibaki amesimama na kikombe mpaka kikapoa. Baadaye alisikia sauti ya mgeni kwenye simu, kwa lugha yao, na katika lugha hiyo Rubiela aliokota neno moja tu, jina la Wouter, likirudiwa mara nyingi.

Alasiri Geertje alifungua mlango nusu akasema kwamba ataondoka kesho saa tatu, siku moja kabla ya wakati wake. Jipu hatapanda. Ameita teksi kutoka mji wa chini.

Rubiela alitoka nyumbani akazunguka mji mzima bila kitambaa kichwani. Alipita kwa kinyozi hakuingia, akapita kanisani hakuingia, akashuka mpaka darajani, akarudi. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Mwisho alijikuta kwa Ofelia, ambaye alikuwa akikamua nguo.

"Mwambie," alisema Ofelia, bila hata kuuliza kumetokea nini. Efrén alikwisha pita hapo akilia.

"Nikimwambia atakwenda."

"Anakwenda tayari, Siafu wee. Umebaki na kipi cha kuficha?"

Kilikuwepo cha kuficha, na Ofelia ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye Rubiela alitaka akisikie. Alisaidia kuanika nguo mbili, akaangusha ya tatu, akaondoka.

Asubuhi ya Jumamosi teksi ilikuwa imekwisha simama mbele ya nyumba. Geertje alitoka na begi lake, amejiweka sawa, akanyoosha mkono kuaga kama wanavyoaga kwao, mkono mmoja na basi. Rubiela hakuupokea. Alipiga filimbi. Kutoka kona ya kinyozi alikuja Don Libardo, akatokea Efrén bila panga na bila kofia, na Ofelia akavuka barabara na rozari yake. Wakajipanga ukutani kama watoto wa komunio ya kwanza. Mgeni alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa teksi.

Don Libardo ndiye aliyeanza. Alisema, huku anatazama mabuti yake, kwamba yeye alimfuata Jumatano mpaka sokoni na Alhamisi mpaka makaburini, na kwamba anaomba radhi, lakini mama naye alikuwa anakwenda mbio mno. Efrén alisema kwamba yule wa nyuma ya mti ni yeye. Alisema alikuwa amesikia jiwe likibiringika na alihofia litampata mgeni, na panga ni la majani, mama, ni la majani tu.

"Kwa nini?" aliuliza Geertje. Hakuwauliza hao. Alimuuliza Rubiela.

Dereva wa teksi alizima injini.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema Rubiela. "Anaitwa Nevardo. Huyu ni mkewe." Akameza mate. Akamweleza juu ya bunduki, na ufagio, na filimbi, kwa maneno mafupi ambayo mgeni angeweza kuyafuata. "Hapa mtu hatembei peke yake. Ndivyo tulivyobaki hai. Siku ile Nevardo alitoka kwa Don Libardo, amenyolewa, akaja kwa barabara hii hii. Zamu ilikuwa yangu. Nilisimama hapo."

Alionyesha kizingiti.

"Nilikuwa na mikate motoni. Minane. Nikaingia kuigeuza. Nilipotoka barabara ilikuwa tupu. Nikawaambia wote kwamba mvua ilinizuia kuona. Sikuzuiwa na mvua. Niliingia kugeuza mikate."

Hakuthubutu kumtazama wifi yake. Alingoja kofi, au kilio, au mlango wa mtu kufungwa. Ofelia aliingiza rozari mfukoni.

"Nilijua," alisema Ofelia. "Nilikuja hapa mbio kumuulizia mume wangu, nikaikuta mikate kwenye sahani. Hakuna hata mmoja uliokuwa umeungua. Nilijua siku ile ile, Rubiela. Nilikuwa nakungoja wewe."

Rubiela alishika ukuta. Miaka ishirini na mitatu walikuwa wakipeana chumvi, wakiomboleza msiba mmoja, na huyu anajua. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya ile aibu pakawa na kitu kingine alichokisahau jina lake, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Hakulia. Ofelia ndiye aliyelia, kidogo, akajifuta kwa mkono wa nguo.

Geertje aliuliza Nevardo alikuwa na umri gani. Akaambiwa ishirini na tisa. Akasema polepole, akitafuta maneno:

"Kunifuata, nimewasamehe. Nilitetemeka kama mgonjwa, lakini nimewasamehe. Wewe ulinitazama machoni ukasema si yeye. Mtoto akiniuliza bibi yake wa huku ni mtu gani, nimwambie nini?"

"Mwambie ulivyoona," alisema Rubiela.

Geertje aliingia ndani ya teksi. Haikuwa imefika kona tulipojikuta kila mtu yuko kizingitini kwake, na teksi ikashuka ikitazamwa mlango kwa mlango mpaka ilipoikata kona ya mwisho ya bonde. Hatukuwa na namna nyingine ya kumuaga mtu.

Kisha zikaja siku kumi na mbili mbaya. Yaneth hakupiga simu. Rubiela alipiga mara tatu na hakujibiwa. Alianza kufagia mbele ya nyumba za watu wengine. Aliuza mikate asubuhi akasahau kurudisha chenji, yeye ambaye hakuwahi kusahau senti. Alimwambia Ofelia kwamba amekwisha zika shauri hilo, na Ofelia akamwambia kwamba anayezika hubeba jembe, habebi simu mkononi mpaka chooni. Wote wawili walicheka, na hilo lilikuwa jipya kati yao, lakini kicheko kilipokwisha Rubiela aliitazama simu tena.

Ililia siku ya kumi na tatu, mchana, akiwa anapepeta mahindi. Yaneth alikuwa ameiweka simu yake wazi mezani, kila mtu asikie. Nyuma yake palisikika sahani na sauti ya mtoto ikiimba.

"Mama, sikia vizuri. Mama mkwe amemwambia Wouter kila kitu. Mjomba, mikate, panga la Efrén, kila kitu. Wamebishana wiki nzima. Nilikuwa sina cha kukuambia ndiyo maana sikupokea." Yaneth alivuta pumzi. "Sasa wamekubali. Desemba, wiki tatu, tunakuja wote. Ila kuna sharti moja na Wouter anataka neno lako. Marit asifuatwe. Akienda dukani, akicheza uwanjani, asiwe na mtu nyuma yake. Kama mtoto yeyote. Sema tu ndiyo, mama, niwaambie, tuyamalize."

Neno ndiyo lilikwisha fika kwenye ulimi. Lilikuwa fupi, na upande wa pili wake palikuwa na mtoto anayeimba, karibu kiasi kwamba Rubiela aliweza kusikia anapokosea maneno ya wimbo. Uholanzi ni mbali. Nani angejua? Don Libardo angeapishwa tena, Efrén angeacha panga nyumbani, filimbi zingepunguzwa sauti. Aliuweka ungo chini.

"Siwezi kukuahidi hilo, mwanangu," alisema. "Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya. Akitoka mlangoni nitamtazama mpaka kona, na kona Don Libardo atampokea. Yeye mwenyewe nitamwambia, ajue. Lakini nitamtazama. Waambie hivyo hivyo nilivyosema."

Sauti ya Wouter iliuliza kitu kwa lugha yao, na hakuna aliyemtafsiria. Mtoto naye aliacha kuimba. Rubiela alifumba macho akajiambia kwamba basi, amekwisha, amekikata kwa mkono wake mwenyewe kile alichokililia miaka sita.

Kisha kutoka mbali, kutoka mwisho wa meza ile, ilisikika sauti ya mwanamke mzee ikisema kwa Kihispania chake cha neno moja moja:

"Kata tiketi, Yaneth. Safari hii amesema kweli."